Sinema za Kijasusi na Macho ya Wanaobaki Nyuma

Katika miaka ya 1961 na 1962, mama mmoja Mwingereza alikuwa na mazoea ya kuwapeleka watoto wake wadogo kupunga hewa katika bustani za Moscow, mara nyingi kando ya Tsvetnoy Boulevard. Jina lake lilikuwa Janet Chisholm. Mumewe, Ruari, alikuwa ofisa wa ujasusi wa Uingereza aliyejificha nyuma ya cheo cha ubalozi, na Janet mwenyewe alikuwa ameifanyia kazi idara hiyo kabla ya kuolewa. Palitokea mwanamume wa Kirusi, akasimama kidogo kama mtu aliyependezwa na watoto, akawapa kijikasha cha peremende, akaenda zake. Ndani ya kijikasha hicho mlikuwa na mikanda ya filamu iliyobeba picha za nyaraka za siri za jeshi la Kisovieti. Mwanamume huyo alikuwa Kanali Oleg Penkovsky wa ujasusi wa kijeshi, na taarifa alizozitoa, zikiwemo zile zilizohusu makombora ya R-12, ziliwasaidia wachambuzi wa Marekani kuelewa walichokuwa wanakiona katika picha za Cuba zilizopigwa kutoka angani mwezi Oktoba 1962.

Sinema ya The Courier, iliyoongozwa na Dominic Cooke na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2020, inasimulia kisa hiki, lakini Janet Chisholm hayumo. Aliyepewa kiti cha mbele ni Greville Wynne, mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa akisafiri kwenda Moscow kwa shughuli za biashara na kurudi London na siri. Nafasi ya mwanamke amepewa ofisa wa CIA ambaye hakuwahi kuwepo duniani. Sinema yenyewe imetengenezwa kwa uangalifu na waigizaji wake wawili wakuu wameifanya kazi yao kwa heshima kubwa, na siandiki haya kwa sababu inachosha. Naandika kwa sababu kila ninapomaliza kutazama sinema ya kijasusi iliyojengwa juu ya tukio la kweli, nabaki na swali moja: kati ya watu wote waliokuwepo, kwa nini tumekalishwa nyuma ya macho ya huyu?

Mtazamo katika sinema si pambo. Ndio unaoamua nani tutamhofia, nani atakufa huku tukijua jina lake, na nani atakufa akiwa sehemu ya mandhari. Katika visa vya ujasusi jambo hili lina uzito kuliko katika visa vingine, kwa sababu ujasusi kwa tabia yake hugawa hatari bila usawa. Ofisa anayesimamia mtoa habari ana pasipoti ya kidiplomasia, ana serikali itakayompigania, na mambo yakiharibika sana atafukuzwa nchini na kupandishwa ndege. Mtoa habari mwenyewe ana nyumba pale pale, ana mke, ana mama mzee, ana majirani, na mambo yakiharibika hana ndege ya kupanda. Penkovsky alikamatwa tarehe 22 Oktoba 1962. Wynne alikamatwa Budapest siku chache baadaye, tarehe 2 Novemba. Wote wawili walisimamishwa kizimbani Moscow mwezi Mei 1963. Penkovsky alihukumiwa kifo na kuuawa mwezi huo huo, na Wynne alipewa kifungo cha miaka 8. Mwezi Aprili 1964 Wynne alibadilishwa na jasusi wa Kisovieti aliyekuwa amefungwa Uingereza, akarudi kwao. Aliteseka kweli gerezani, wala sitaki kuipunguza taabu yake. Lakini tofauti kati ya yule aliyerudi na yule asiyerudi ndiyo kisa chenyewe, na sinema imeipa saa zake nyingi nusu iliyorudi.

Sababu ya kwanza ya hali hii haina siri yoyote: aliyerudi ndiye anayeandika kumbukumbu. Wynne aliandika, na wanahistoria waliozipima kumbukumbu zake dhidi ya nyaraka wamekuta ndani yake mambo yasiyoaminika, lakini hata hivyo yeye ndiye aliyeacha sauti. Mtayarishaji wa sinema anahitaji kitabu cha kununua haki zake, anahitaji mtu wa kumwuliza maswali, au angalau faili lililofunguliwa. Na faili halifunguliwi kwa bahati. Idara za ujasusi huchagua zifungue lipi na lini, na aghalabu hufungua lile linalozipa sifa. Kisa cha wanadiplomasia 6 wa Marekani walioponyoka ubalozi wao wa Tehran, Iran, ulipotekwa, kisha wakatoroshwa mwezi Januari 1980, kilibaki siri upande wa Marekani mpaka mwaka 1997, CIA ilipokuwa ikiadhimisha miaka 50 na kuwaenzi watu wake, akiwemo Tony Mendez, aliyebuni hila ya kujifanya kikundi cha watengeneza sinema. Kutoka hapo ikaja makala ya jarida, kisha mwaka 2012 ikaja Argo ya Ben Affleck, na mapema mwaka 2013 Argo ikatwaa tuzo ya Oscar ya sinema bora.

Wakanada waliitazama wakashangaa. Balozi wao Ken Taylor na ofisa wake John Sheardown ndio waliowaficha Wamarekani wale majumbani mwao kwa wiki nyingi, wakijua fika nini kingewapata pamoja na wake zao kama siri ingevuja. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wakati wa tukio, alisema hadharani baada ya sinema kutoka kwamba asilimia 90 ya mawazo na utekelezaji wa mpango ule ilikuwa ya Wakanada. Bunge la New Zealand nalo lilipitisha azimio mwaka 2013 kulalamikia maneno ya sinema kwamba wanadiplomasia wake waliwafukuza Wamarekani hao, ilhali waliwasaidia. Kufukuzana kule kwa magari kwenye njia ya kurukia ndege, ambako huwafanya watazamaji washike viti, hakukutokea kabisa. Na yuko binti wa Kiirani anayefanya kazi katika nyumba ya balozi, anayejua siri na kuitunza, ambaye mwishoni tunamwona akivuka mpaka kuingia Iraki kama mkimbizi. Ametungwa, lakini mwandishi wa mchezo alihisi, na alihisi sawasawa, kwamba lazima pawepo mtu wa namna hiyo. Kisha akampa dakika chache tu. Kwa maoni yangu dakika hizo chache zina ukweli wa ujasusi kuliko zile zote za uwanja wa ndege.

Kisa kinachonisumbua kuliko vyote kimetokea karibu zaidi nasi, katika pwani ya Sudan. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mossad, idara ya ujasusi ya Israeli, ilikodi kijiji cha watalii kilichoachwa mahali panapoitwa Arous, kando ya Bahari ya Sham, kaskazini mwa Port Sudan. Wataliano ndio waliokuwa wamekijenga katika miaka ya 1970. Majasusi wa Israeli wakakifungua upya kama hoteli ya wazamiaji, wakaleta vifaa vya kuzamia, wakaajiri wenyeji, wakapokea watalii wa kweli waliolipa pesa zao bila kujua ni nani anayewakaribisha. Usiku baadhi ya wahudumu walitoweka na malori kuelekea bara, upande wa Gedaref, walikokuwa wamejaa kambini Wayahudi wa Ethiopia, Beta Israel, wakawapakia na kuwapeleka baharini walikosubiriwa na wanamaji, au baadaye jangwani zilikotua ndege za Hercules. Ni kisa ambacho mtunzi wa riwaya angeogopa kukibuni.

Mwaka 2019 Netflix ilikionesha katika The Red Sea Diving Resort, iliyoongozwa na Gideon Raff. Shujaa wake ni ofisa wa Mossad anayeigizwa na Chris Evans, mwanamume wa miraba minne asiyesikia amri za wakubwa. Mwenyeji mkuu wa Kiethiopia, aliyeitwa Kabede Bimro katika sinema na kuigizwa na marehemu Michael K. Williams, amejengwa juu ya mtu wa kweli aliyeitwa Ferede Aklum. Hapo ndipo moyo wangu ulipouma, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kusoma habari za Ferede.

Ferede Aklum alikuwa mwalimu. Alikimbia Ethiopia mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya kutafutwa na Derg, utawala wa kijeshi wa wakati huo, akaingia Sudan kwa miguu, na akiwa huko akaandika barua kwa mashirika ya misaada akieleza kwamba yuko na kwamba njia ipo. Barua hizo ndizo zilizowaleta Mossad kwake. Dani Limor, ofisa aliyetumwa kumtafuta, alimkuta mtu aliyekwisha kuona kwamba wokovu wa watu wake ungepitia Sudan. Kutoka hapo wawili hao walifanya kazi pamoja, na Ferede akapeleka habari vijijini kwao kaskazini mwa Ethiopia kwamba waanze kutembea. Wakatembea. Mamia ya kilomita, usiku, wakiwa na wazee na watoto wachanga, wakikutana na majambazi, na wakifika Sudan wakakaa kambini miezi na miezi huku wakificha dini yao. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 4,000 walikufa njiani na kambini.

Sasa tuitazame sinema tena tukiwa na habari hizo. Waliotembea wanaonekana kama umati. Wanapanda malori, wanashuka malori, wanatazama kwa macho makubwa, wanashukuru. Hatumjui hata mmoja wao kiasi cha kujua alimwacha nani njiani. Kabede anapewa maneno ya kumtia moyo ofisa, kana kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kumlea Mwisraeli yule mpaka afikie ushujaa wake. Lakini katika uhalisia mwalimu ndiye aliyeanza. Aliyeandika barua akiwa mkimbizi asiye na hati, katika nchi iliyokuwa na uhasama na Israeli, alikuwa ametenda jambo la kijasusi lenye ujasiri kuliko kuendesha hoteli, kwa kuwa hakuwa na hoteli ya kujificha wala nchi ya kumdai. Ferede alifika Israeli mwaka 1980 na kufariki mwaka 2009, kwa hiyo si kwamba mtu huyu alipotea katika historia. Ndugu zake na wenzake wamemzungumzia, na jamii yake inamheshimu mno. Habari zake zilikuwepo. Aliyetengeneza sinema alikuwa na uchaguzi, na akachagua.

Nimewahi kubishana juu ya jambo hili na rafiki yangu anayefundisha fasihi, na hoja yake naiheshimu. Anasema sinema haina budi kumfuata mwenye kutenda, kwa sababu hadithi ni matendo, na mkimbizi anayesubiri kambini hatendi. Namjibu kwamba ameshaipokea picha ya sinema kabla hajaipima. Kutembea kilomita mamia kwa neno la mtu mmoja ni kutenda. Kuficha Sabato yako kambini mbele ya majirani wanaokuchunguza, kujua ni nani katika kambi anayeuza habari kwa polisi, kuamua ni familia ipi itangulie usiku huu na ipi ingoje wiki nyingine bila kuambiwa sababu, hayo yote ni matendo, tena ndiyo matendo ya kijasusi hasa: kunyamaza, kupima watu, kubeba siri ambayo ikianguka inaua. Aisifuye mvua imemnyea. Kama tunataka kujua siri ina uzito gani, hatuna budi kumwuliza aliyeibeba bila kupokezana.

Wako wasimulizi walioliona pengo hili wakajaribu kuliziba, na namna walivyolijaza inafundisha. Mwaka 1943 Waingereza waliivika maiti sare ya ofisa wa wanamaji wa miguu, wakaifunga mkoba wenye barua za uongo, na manowari HMS Seraph ikaiacha karibu na mji wa Huelva, Uhispania, ili Wajerumani waamini kwamba majeshi ya washirika yangeshambulia Ugiriki na Sardinia badala ya Sicily. Hila ilifaulu. Maiti ile ilikuwa ya Glyndwr Michael, mtu maskini kutoka Wales asiyekuwa na makazi, aliyekufa London mwezi Januari mwaka huo baada ya kula sumu ya panya. Dunia ilimjua kama Meja William Martin, mtu ambaye hakuwahi kuishi, mpaka jina lake halisi lilipofichuliwa katika miaka ya 1990, na mwaka 1998 likaongezwa kwenye jiwe la kaburi lake kule Huelva.

Sinema ya kwanza ya kisa hiki ilitoka mwaka 1956 ikitegemea kitabu cha Ewen Montagu, mmoja wa waliobuni hila, na kwa hiyo ikawa hadithi ya Montagu. Ya pili, Operation Mincemeat ya John Madden, ilitengenezwa wakati jina la Glyndwr Michael likijulikana na kila msomaji wa historia ile. Ikafanya nini? Ikatunga tukio ambamo dada yake anakuja kuuliza maiti ya nduguye imepelekwa wapi. Tukio hilo ni la dakika chache, lakini ndilo ninalolikumbuka mpaka leo, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu anasimama mbele ya waungwana wale na kuwauliza kwa haki gani. Baada ya hapo sinema inarudi kwenye mapenzi ya watu watatu ofisini, mapenzi yaliyokuzwa kupita ushahidi uliopo, na dada haonekani tena. Waandishi waliijua sehemu yenye jeraha, wakaigusa, wakaondoa mkono.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila sinema ya aina hii lazima isimuliwe na aliyeumia kuliko wote, wala sisemi kwamba mgeni hawezi kamwe kuwa jicho letu. Bridge of Spies ya Steven Spielberg, ya mwaka 2015, inamfuata James Donovan, wakili wa New York aliyepewa kazi ya kumtetea jasusi wa Kisovieti aliyejulikana kwa jina la Rudolf Abel, kisha miaka michache baadaye akatumwa Berlin kumbadilisha na rubani wa ndege ya upelelezi ya Marekani ya U-2, Francis Gary Powers. Donovan hakuwa jasusi katika kisa kile, na hatari yake mwenyewe ilikuwa ndogo kuliko ya Abel, Powers, au yule mwanafunzi wa Kimarekani Frederic Pryor, aliyekuwa ameshikiliwa Berlin Mashariki tangu Agosti 1961. Lakini naona mtazamo ule ulichaguliwa sawasawa. Donovan alisimama mahali ambapo wafungwa wote watatu walionekana kama watu. Wakubwa wake walimtaka Powers tu, kwa kuwa Powers alikuwa na siri kichwani. Pryor hakuwa na faida yoyote kwao. Donovan alikataa kumwacha, na tarehe 10 Februari 1962 Powers akavuka daraja la Glienicke huku Pryor akiachiliwa kwenye kituo cha Checkpoint Charlie. Tukiwa nyuma ya macho ya wakili tunaona kile ambacho ofisa wa ujasusi amefunzwa asikione, yaani kwamba kila kichwa katika mabadilishano kina thamani sawa.

Ndipo nikaona kwamba kipimo changu hakiko katika uraia, cheo wala kiasi cha mateso. Mtazamo unafaa ukiwa mahali ambapo gharama yote ya siri inaonekana, pamoja na sehemu inayolipwa na wengine. Kipimo hicho ndicho kinachoifanya sinema ya Korea Kusini ya mwaka 2018, iliyojulikana kimataifa kama The Spy Gone North, iwe bora kuliko nyingi za Hollywood, ingawa inamfuata ofisa wa kawaida kabisa wa kijasusi. Imejengwa juu ya kisa cha Park Chae-seo, aliyeingia Korea Kaskazini katika miaka ya 1990 akijifanya mfanyabiashara wa matangazo. Anachokigundua kinamvunja: watu wa upande wake wanafanya mapatano ya chini chini na adui ili kumzuia mgombea wa upinzani, Kim Dae-jung, asishinde uchaguzi wa rais wa mwaka 1997. Sinema inampa pia mwenzake wa Kaskazini, ofisa anayemwamini polepole, na haituachi tusahau kwamba mmoja wao akishatoka mwingine atabaki Pyongyang na maswali yote. Park mwenyewe baadaye alifungwa miaka 6 na serikali aliyoitumikia. Mwongozaji Yoon Jong-bin hakulazimika kumbadilisha shujaa wake. Alilazimika tu kumfanya shujaa huyo amtazame anayemwacha.

Sasa nije nyumbani, kwa kuwa kuna kisa kimoja ambacho sisi wa Afrika Mashariki tumekitazama kwenye skrini tangu utotoni bila kujiona ndani yake. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walitua Entebbe kwa ndege 4 za Hercules na kuwaokoa mateka zaidi ya 100 wa ndege ya Air France iliyotekwa wiki moja kabla. Ulikuwa ushindi wa kijeshi uliosimama juu ya kazi ya kijasusi: mateka wa makundi yaliyoachiliwa mapema walihojiwa Paris, ramani za jengo zilipatikana kwa sababu kampuni ya Israeli ndiyo iliyolijenga, na Kenya ilikubali ndege hizo zipate mafuta na majeruhi watibiwe Nairobi. Katika muda usiofika miaka miwili zilitoka sinema 3 juu ya usiku ule, na mwaka 2018 José Padilha akaongeza yake, 7 Days in Entebbe. Yeye alijaribu njia mpya. Alitukalisha kwa watekaji wawili Wajerumani upande mmoja, na upande wa pili kwa baraza la mawaziri la Israeli, waziri mkuu Rabin na waziri wa ulinzi Peres wakivutana. Uvamizi wenyewe aliusuka pamoja na onesho la kikundi cha dansi cha Israeli. Waganda katika sinema hiyo ni Idi Amin na askari wake. Raia wa Uganda hawapo, na Wakenya hawapo.

Lakini siri ya Entebbe iliwalipisha watu hao hao. Amin aliifahamu sehemu ya Kenya katika mpango ule, na mamia ya Wakenya waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Uganda waliuawa, na maelfu wakakimbia. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa karani Kampala wakati huo, alitusimulia kwamba walisikia redioni habari za uvamizi wakiwa kazini, na kabla ya jioni wenzao wa Kiganda walikuwa wameanza kuwanong'oneza waondoke. Alivuka Busia na mfuko mmoja wa nguo, na hakurudi kuchukua vyombo vyake. Hakuna aliyewauliza Wakenya wa Kampala kama wako tayari kulipia mafuta yale ya Nairobi. Uamuzi ulikuwa wa watu wachache sana, na huenda ulikuwa sahihi. Mimi mwenyewe siwezi kusema mateka wangeachwa. Ila bei yake ilikuwa sehemu ya tukio, na sinema inayokata picha mara ndege zinapopaa imeondoka kabla bei haijatajwa.

Yuko pia Dora Bloch, bibi wa miaka 74 mwenye uraia wa Uingereza na Israeli, aliyekuwa amepaliwa na chakula na kupelekwa hospitali ya Mulago kabla ya uvamizi. Ndege zilipoondoka yeye alikuwa bado wodini. Ofisa wa ubalozi wa Uingereza alimwona siku iliyofuata uvamizi ule wa usiku. Baada ya hapo hakuonekana tena na ndugu wala rafiki. Aliyeueleza ulimwengu jinsi alivyotolewa wodini kwa nguvu alikuwa Mganda, Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya wa Amin na kwa hiyo msimamizi wa hospitali ile, aliyekimbilia uhamishoni mwaka 1977 na kuandika kitabu mwaka huo huo. Na inaelezwa kwamba Jimmy Parma, mpigapicha wa gazeti la serikali, aliuawa kwa sababu ya picha alizopiga za mwili wa bibi huyo. Mabaki ya Dora Bloch yalipatikana mwaka 1979, mashariki ya Kampala, baada ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kumwondoa Amin.

Tazama watu waliosimama mahali pa kuona gharama yote. Waziri anayejua, anayekwenda ofisini kila asubuhi huku akijua, anayelazimika kusaini na kutabasamu mpaka apate safari ya nje. Mpigapicha ambaye kamera yake ndiyo kosa lake. Wauguzi na wagonjwa wa wodi waliosikia kelele ukumbini na wakatakiwa kusema hawakusikia kitu. Ukitaka sinema ya kijasusi inayoeleza siri inavyomla mtu kutoka ndani, hii imekaa tayari, na imekaa tangu 1976. Haihitaji Hercules hata moja wala uwanja wa ndege. Inahitaji wodi, ofisi ya wizara yenye simu ambayo mtu anaogopa kuipokea, chumba cheusi cha kusafishia picha, na barabara ya kwenda Jinja. Bajeti ya namna hiyo watengeneza sinema wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wanaweza kuifikia bila kusubiri kampuni kutoka ng'ambo iwaletee shujaa wake.

Mashahidi nao bado wapo, ijapokuwa si kwa muda mrefu. Anayetaka kuiandika aanze na kitabu cha Kyemba, kisha ashuke Busia na Malaba kuwatafuta walioikimbia Kampala mwaka ule, kwa kuwa wengi wao sasa wamepita miaka 70 na muda wa kuwapelekea kinasa sauti unakwisha.